Kompyuta ndani ya meza, maji ndani ya kompyuta: mambo ya kujua mbele ya kutoa makuta

Katika video zinazozunguka kwenye telefone za vijana wa Lubumbashi, kuko meza fulani inayorudi kila mara. Juu yake ni kioo. Chini ya kioo, kompyuta nzima imelala wazi na taa za rangi, na tiyo zinazopita huku na huku zikiwa na maji ya bluu ao mekundu. Hakuna boksi pembeni ya miguu, hakuna waya inayoning'inia. Mutu anakaa, anaweka mikono juu ya kioo, anaanza kucheza.

Maswali yanafuata mara moja. Maji na umeme vinakaa namna gani pamoja? Inaweza kufanyika hapa? Wenye kufungua sal ya michezo wanauliza kwa sababu ya wateja, maseremala wanauliza kwa sababu ya komande, na kijana mwenye kuweka pesa kidogo kidogo anauliza kwa sababu ni pesa yake ya miaka miwili.

Jibu fupi ni ndiyo, inawezekana, na si uchawi. Lakini maji hayafanyi kazi ile ambayo watu wengi wanafikiri, na video zile zimepigwa katika nyumba ambamo umeme haukatiki na vumbi jekundu la mwezi wa munane halijulikani.

Joto halifi, linahama

Ndani ya kompyuta ya michezo kuko vipande viwili vinavyopata moto kuliko vingine: prosesere, ambayo inafanya hesabu, na karte grafike, ambayo inachora picha. Karibu umeme wote vinaokula unatoka kama joto. Karte grafike kubwa kama RTX 4090 ya NVIDIA inaweza kula mupaka wati 450. Prosesere ya nguvu inaongeza wati 150 mupaka 250. Kwa hiyo wakati wa mchezo muzito, mashini nzima inatoa joto la wati 600 ao 700, ni kusema reshó ndogo ya umeme iliyowashwa ndani ya chumba saa yote unacheza.

Lile joto linatoka katika kipande cha silisiamu kidogo sana, kisichopita ukubwa wa biskuti. Lisipoondolewa haraka, prosesere yenyewe inapunguza mwendo ikifika karibu na digre 90 ao 100, na ikiendelea kupanda inajizima.

Njia ya kawaida ni hewa: kipande cha madini chenye mabati membamba kinagusa prosesere, ventilatere inapuliza. Kompyuta karibu zote za Lubumbashi zinaishi vile, na zinaishi vizuri. Maji yanashinda hewa kwa jambo moja: kubeba. Litre moja ya maji, ikipanda digre moja, imekamata joto ambalo lingehitaji zaidi ya litre 3,000 za hewa. Pompa ndogo inayosukuma litre 4 kwa dakika inachukua wati 500, na maji yanapopita pale yanapanda chini ya digre 2. Ndiyo maana mutu akigusa tiyo inayoingia na ile inayotoka, hasikii tofauti. Ndiyo maana tena mabishano ya vijana juu ya nani apitiwe na maji kwanza, prosesere ao karte, hayana faida kubwa. Kisha dakika chache maji yote ya mzunguko yako karibu na joto moja.

Wazo lenyewe si la leo. Motokari zinapozwa na maji tangu zamani. Mwaka 1980 IBM ilitangaza mashini yake kubwa 3081 iliyopozwa na maji, na mwaka 1985 Cray-2 ya Marekani iliwekwa nzima ndani ya maji-maji maalum yasiyopitisha umeme. Vijana wa michezo wamepunguza tu ukubwa.

Sasa pale ambapo wengi wanakosea. Maji hayaui joto. Yanalichukua kutoka kwa prosesere, yanalipeleka kwenye radiatere, na ventilatere zinalitupa ndani ya chumba. Wati 600 zilizoingia kwa prise zinatoka wati 600 ndani ya chumba, kuwe na maji ao kusiwe. Mzunguko wa maji si klima. Hauwezi kushuka chini ya joto la hewa ya chumba: mwezi wa kumi, chumba kikiwa digre 32, maji ya mzunguko muzuri yatakaa karibu na 40 wakati wa mchezo, na hiyo ni kawaida kabisa.

Kuko wenye kufikiri watapita kikomo hicho kwa kutia barafu katika kopo ya maji. Wasijaribu. Chupa ya Simba ikitoka kwenye frigo inatoa jasho, kila mutu anaiona. Bloki ya shaba yenye maji ya barafu itatoa jasho vilevile, na jasho lile litaanguka juu ya karte iliyo na umeme. Wakati wa mvua, hewa ikiwa na unyevu, haitakawia.

Jambo lingine la hapa kwetu: Lubumbashi iko karibu metre 1,200 juu ya bahari. Hewa iko nyepesi zaidi ya sehemu moja ya kumi ukilinganisha na pwani, kwa hiyo kila ventilatere inabeba joto kidogo kuliko karatasi ya kiwanda inavyosema. Mwenye kuhesabu radiatere moja inatosha, aongeze nafasi.

Shaba, na yale yasiyopashwa kugusana nayo

Mzunguko una vitu vichache. Kopo ya maji iko juu, pompa iko chini yake ili isikauke hata siku moja, sababu pompa ya namna hii inalainishwa na maji yenyewe. Ikizunguka kavu dakika chache inaweza kuharibika. Kutoka pompa, maji yanapita katika bloki ya prosesere, bloki ya karte grafike, radiatere, kisha yanarudi.

Bloki ni shaba. Ndani yake kumechongwa mifereji membamba, chini ya nusu milimetre, ili maji yaguse shaba mahali pengi. Shaba inapitisha joto karibu mara 1.7 kuliko aliminiamu. Kuko kitu cha kuchekesha kidogo hapa: madini yanayotoka Kolwezi ao Likasi yanaweza kwenda Uchina kwa muzigo na kurudi kwa kilo nusu, yamechongwa, yamepakwa nikeli, kwa bei ya dola 150 mupaka 250 kwa bloki ya karte moja.

Kwa sababu ya bei hiyo, fundi wa hapa anafikiri kutumia radiatere ya motokari ao ya moto, na hapo ndipo hatari inaanza. Radiatere mingi za motokari za leo ni aliminiamu. Ukiunganisha aliminiamu na shaba katika maji yaleyale, umetengeneza betri bila kujua: aliminiamu inalika polepole, maji yanabadilika, unga mweupe unaziba mifereji ya bloki, na siku moja radiatere inatoboka ndani ya meza. Radiatere za zamani za shaba na manjano zinafaa zaidi kwa madini yake, lakini ndani mumejaa kutu na uchafu wa miaka ishirini. Kuzisafisha mupaka zitoe maji meupe ni kazi ya siku mingi.

Habari njema ni kwamba vizibo na viunganishi vya mzunguko huu vinatumia uzi wa robo inchi ambao mafundi wa maji wanaujua. Vya manjano vilivyopakwa nikeli vinafaa. Vya chuma cha bati, hapana.

Na maji gani? Si ya robine ya Regideso, si ya forage. Yote yako na chumvi za udongo zinazobaki kama mawe meupe, yale tunayoyaona chini ya buyuare. Yanatakiwa maji ya distile, pamoja na matone ya dawa ya kuzuia majani ya kijani. Hapa kuko onyo la kweli: katika maduka ya vipuri, mutu akisema "maji ya betri" anaweza kupewa vitu viwili tofauti, maji ya distile ya kuongeza ao asidi ya kujaza betri mupya. Chupa zinafanana. Asidi ndani ya mzunguko itakula shaba, na mukono wa fundi pia. Soma karatasi ya chupa, na ikiwa haina karatasi, iache kwa duka.

Wengine wanasema maji ya distile hayapitishi umeme, basi yakivuja hakuna shida. Yakiwa ndani ya chupa ni kweli kwa sehemu kubwa. Kisha wiki chache katika shaba, na yakianguka juu ya karte yenye vumbi, yamekuwa maji kama mengine. Rangi nzito zile zinazofanana na maziwa, zinazopendeza katika video, ndizo zinazoziba bloki mbele ya zote.

Magoti ya mutu na hesabu ya seremala

Seremala akipewa komande hii, jambo la kwanza atakalogundua si maji, ni magoti. Meza ya kawaida iko na urefu wa santimetre 75. Karte mere, ile ambayo vipande vyote vinakaa juu yake, ina santimetre 30 kwa 24 na italala chini. Karte grafike inasimama juu yake, pamoja na waya zake inaomba santimetre karibu 20. Ongeza kioo cha santimetre 1 na tripleksi ya chini ya santimetre 2. Kunabaki 52 chini ya boksi. Mutu mukubwa kwenye kiti anahitaji zaidi ya 60 kwa magoti yake. Meza imetoka nzuri sana, lakini hakuna anayeweza kuikalia.

Kuko njia tatu. Ya kwanza, kuweka mashini upande mmoja kama droo nene na kuacha nafasi ya magoti upande wa pili. Ya pili, kuilaza karte grafike kwa waya maalum ya kurefusha, na hapa maji yanasaidia kweli: karte yenye ventilatere zake inafika unene wa santimetre 6 ao 7, lakini ikivuliwa na kuvalishwa bloki ya maji inashuka mupaka 2 ao 3. Ya tatu ni kupandisha meza yote. Lian Li, kampuni ya Taiwan inayouza meza za namna hii zikiwa tayari, iko na moja inayopandishwa na mota. Seremala wa hapa atachagua ya kwanza, na atakuwa na akili.

Kioo kinapashwa kuwa cha kukaushwa kwa moto, milimetre 8 ao 10, ili kikivunjika kisikate mikono. Kioo cha aina hiyo hakikatwi wala hakitobolewi kisha kutengenezwa. Tundu la waya ya ekra linapimwa mbele, kosa la santimetre moja ni kioo kingine. Na mbao zisizokauka zitapinda wakati wa kiangazi, kona moja itapanda, na kioo kitakaa kwa nguvu juu ya kona tatu.

Joto ndilo linaloamua mipango yote ya boksi. Meza iliyofungwa pande zote na radiatere ndani yake ni furu: radiatere inatupa hewa ya moto, ventilatere inavuta hewa ileile, maji yanapanda kila dakika. Radiatere inapashwa kuwa kwenye ukuta wa meza, mgongo wake nje. Hewa iingie upande mmoja na kutoka upande mwingine, na isitoke upande wa magoti, isipokuwa labda mwezi wa sita, wakati baridi ya usiku inauma na mutu hatalalamika.

Basi vumbi. Kuanzia mwezi wa tano mupaka wa kumi, kartie zisizo na lami zinapumua vumbi jekundu, na boksi yenye ventilatere sita ni mashini ya kulikusanya chini ya kioo, mbele ya macho ya wageni. Dawa iko rahisi: ventilatere zinazoingiza hewa ziwe mingi kuliko zinazotoa, ili ndani kuwe na msukumo kidogo na hewa isiingie kwa kila kipenyo cha mbao bali paka kwa kichujio. Kichujio chenyewe kinaweza kuwa kolan ya mwanamuke iliyovutwa juu ya fremu. Kinashika vumbi vizuri na kinaoshwa kwa sabuni. Lakini kiangazi kinapashwa kuoshwa kila wiki ao mbili. Kikijaa, ventilatere zinazunguka bure.

Umeme ukikatika

Watu wanaogopa délestage: umeme ukikatika, pompa inasimama, prosesere itaungua? Hapana. Prosesere nayo imesimama sekunde ileile, haitoi joto tena. Hatari ya kweli ni kurudi kwa umeme, wakati volti zinaruka. Mashini ya bei hii bila stabilizatere ao ondilere nzuri ni mchezo wa bahati.

Ondilere itoe muda wa kufunga mchezo na kuzima vizuri, si muda wa kucheza. Hesabu yake ni hii: betri ya volti 12 na amperi-saa 100 ina wati-saa 1,200, betri ya risasi haipendi kumalizwa, tumia nusu, 600. Mashini inayokula wati 600 itaimaliza kwa saa moja, bila kuhesabu ekra wala kinachopotea njiani. Mwenye kufikiri atacheza na panneau moja ya jua ajue ile.

Pompa ikiharibika peke yake, umeme ukiwepo, ndiyo hali nyingine. Waya yake ya kuhesabu mizunguko inapashwa kuunganishwa kwenye karte mere, na mashini iagizwe kupiga kelele ao kujizima pompa ikisimama. Ni kazi ya dakika tano ambayo wengi wanaiacha.

Na waya ya tere, ile inayoshuka ndani ya udongo. Kwa nyumba mingi prise ina tundu la tere lakini nyuma yake hakuna kitu. Meza yenye fremu ya chuma na kompyuta ndani itawasha vidole. Fundi wa umeme aitwe mbele ya seremala.

Pesa inaenda wapi

Mzunguko kamili wa prosesere na karte, na radiatere mbili, pompa, kopo, bloki mbili na viunganishi kumi na zaidi, mara mingi unafika dola 500 mupaka 900, mbele ya usafiri na duane. Kipozeo kizuri cha hewa kwa prosesere kinauzwa dola 40 mupaka 100, na karte grafike inakuja na ventilatere zake tayari. Katikati kuko mzunguko uliofungwa kiwandani, dola 80 mupaka 150, ambao mutu haufungui wala hauongezi maji.

Ni nini kinanunuliwa kwa tofauti hiyo? Makelele kidogo, digre kadhaa pungufu, karte nyembamba, na uzuri. Mwendo wa mchezo wenyewe hauongezeki isipokuwa kidogo sana. Dola 600 zilezile zikiwekwa juu ya karte grafike ya daraja la juu zinaonekana kwenye ekra siku ya kwanza. Kwa mwenye sal ya michezo anayetaka watu wasimame kuangalia, meza inaweza kujilipa, ikiwa ni moja tu na ikiwa watoto hawaweki sukari juu ya kioo. Kwa kijana mwenye mashini moja, ya kazi na ya kucheza pamoja, meza ya mbao na kompyuta ya hewa ndani yake, na vichujio vizuri, inampa karibu yote bila hatari ya maji. Mzunguko unaweza kuja mwaka unaofuata. Boksi iachiwe nafasi.

Mwenye kuamua kuweka maji asiwashe kompyuta siku ya kwanza. Mzunguko unajazwa, pompa peke yake inapewa umeme, karatasi nyeupe ya choo inawekwa chini ya kila kiunganishi, na maji yanaachwa yazunguke saa 24. Karatasi ikilowana hata mara moja, kiunganishi kinafunguliwa, mupira wake unaangaliwa, na saa 24 zinaanza tena. Kifaa kilichoagizwa Dubai hakirudishwi kwa sababu kimelowana. Garanti mingi haitaki kusikia habari ya maji.

Kila mwaka maji yanatolewa na kubadilishwa. Kwa hiyo robine ndogo inahitajika mahali pa chini kabisa pa mzunguko, na iwekwe mbele ya kufunga tripleksi. Itahitajika pia siku ya kuhama. Meza ya metre 1.60 kwa santimetre 85 haipiti mulango wa santimetre 80 ikiwa imelala. Inaombwa kutoa kioo, kutoa miguu na kuisimamisha ubavu, na mzunguko ukiwa bado na maji, pompa itakuwa juu na karte itakuwa chini.